Ampuli za magnesiamu na B6 kwa mtoto mwenye usonji: alama 2 kati ya 5

Kwenye farmasi za Goma, kuanzia Birere hadi Katindo, mzazi anayeuliza dawa ya kumtuliza mtoto mwenye usonji anaweza kutoka na boksi la ampuli za magnesiamu na vitamini B6. Ni dawa halali, na kwa kazi yake halisi, yaani kurudisha magnesiamu iliyopungua mwilini, haina ubaya. Kwa usonji tunaipa alama 2 kati ya 5: moja kwa kuwa yaliyomo yameandikwa wazi kwenye boksi, ya pili kwa sababu ya choo.

Wazo la kutibu usonji kwa magnesiamu na B6 lilienezwa na Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa dozi kubwa kuliko za ampuli. Majaribio yaliyofuata ni machache na madogo, wala hayajathibitisha kwamba usonji wenyewe hubadilika. Kinachobadilika ni choo. Magnesiamu huvuta maji kuingia utumboni, na mtoto aliyefunga choo siku nne, aliyekuwa akijipiga tumbo na kusukuma sahani ya bugali, anatulia. Nyumbani watasema dawa imefika kichwani, kumbe imeishia tumboni. Kama shida ni hiyo, anzeni na maji ya kutosha, papai na maharage.

Kosa la kwanza hutokea kwenye kusoma boksi. Kidonge kinaweza kuandikwa miligramu 470 za laktati ya magnesiamu, lakini magnesiamu yenyewe ndani yake ni 48 tu. Hesabuni hiyo ndogo. Ampuli ya kawaida ya mililita 10 hubeba miligramu 100 za magnesiamu na 10 za B6. Kikomo cha Marekani kwa magnesiamu ya nyongeza, bila kuhesabu ya chakula, ni miligramu 65 kwa siku kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3, na 110 kwa wa miaka 4 hadi 8. Maana yake ampuli moja nzima tayari imempita mtoto wa miaka mitatu. Dozi ya juu zaidi ni ya mtoto aliyepimwa na daktari akaonekana amepungukiwa, na mwenye figo mbovu asiguse kabisa: magnesiamu hulundikana, akalegea, akasinzia, mapigo ya moyo yakapungua.

Ampuli ina ncha mbili. Ishikeni kwa kitambaa, vunjeni ncha ya kwanza, iwekeni juu ya glasi, kisha vunjeni ya pili. Tazameni vipande vya kioo chini ya glasi, hasa kama mtoto ni wa kunywa kwa pupa. Pimeni kwa seringe isiyo na sindano, changanyeni na maji nusu glasi, mpeni baada ya chakula, dozi ikigawanywa mara mbili kwa siku. Kumimina yote asubuhi kwenye tumbo tupu ndiyo njia ya haraka ya kuleta kuhara.

Akiharisha, simamisheni. Mpeni SRO, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, sashe moja kwa lita 1 ya maji safi, kijiko kwa kijiko: mililita 100 hadi 200 kila anapoharisha kama ametimiza miaka miwili, nusu yake kama ni mdogo. Lakini tuko Goma. Choo cheupe kama maji ya mchele kisisingiziwe ampuli: huo unaweza kuwa kolera, na mtoto apelekwe kituo cha matibabu saa ileile, huku akiendelea kunyweshwa SRO njiani.

Hatari ambayo wazazi huichelewa ni ya B6, hasa chupa za vidonge vya miligramu 50 au 100 zinazokuja na wasafiri. B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva za miguu na mikono. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku, na cha watoto ni chini zaidi. Mtu mzima atasema miguu inawaka. Mtoto asiyesema atavua viatu, atakataa soksi, atatembea akiyumba usiku umeme ukikatika, na nyumbani watasema ni usonji umezidi, kisha wataongeza dozi. Tabia yoyote mpya iliyoanza baada ya dawa mpya ihesabiwe kuwa ya dawa mpaka ithibitike vinginevyo. Mkiacha B6, dalili zinaweza kuendelea kuongezeka wiki chache kabla ya kupungua, kwa hiyo msirudi kuianza kwa hofu.

Mtoto mwenye kifafa anayetumia fenobarbitali, ile inayoitwa Gardenal, ana sababu nyingine ya kukaa mbali na B6 nyingi: hushusha kiwango cha fenobarbitali kwenye damu, na degedege inaweza kurudi. Makaa ya dawa, ambayo huuzwa kama «kusafisha sumu», nayo huinasa fenobarbitali tumboni na kufunga choo juu yake. Hayo tunayapa alama 1.

Zile chupa mbili ndogo zinazouzwa kwa jina la MMS kama dawa ya usonji, moja ya kloraiti ya sodiamu na nyingine ya asidi, tunazipa sifuri. Zikichanganywa hutoa klorini dioksaidi, kemikali ya kung'arishia karatasi. Anayesema «si hata pale ziwani wanatutilia klorini kwenye bidoni?» ajue kwamba hiyo ni kemikali nyingine, tena ni kidogo sana ndani ya lita 20, ya kuua vidudu vya maji. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya mwaka 2010 na tena 2019: kutapika, kuhara kukali, maji kuisha mwilini, presha kushuka. Nyuzi zinazotoka chooni na kuitwa minyoo ni ute na utando wa utumbo uliobanduka. Kemikali hii pia hupasua chembe za damu, na huku kwetu kwenye malaria, upungufu wa G6PD, yaani kasoro ya kurithi inayofanya chembe nyekundu za damu zipasuke kwa urahisi, unaozidisha hatari hiyo, si jambo la nadra. Midomo ikiwa ya bluu au mkojo ukiwa kama koka, nendeni hospitali na chupa zenyewe mkononi. Msimtapishe.

Mafuta ya samaki hayana kelele nyingi: mpeni katikati ya mlo, la sivyo atabeua harufu na kuharisha. Yakiwa ni mafuta ya ini la samaki, angalieni vitamini A, kikomo ni mikrogramu 600 kwa siku kwa miaka 1 hadi 3 na 900 kwa miaka 4 hadi 8.

Kwa chochote mtakachonunua, anzeni kimoja tu, kwa wiki mbili, na daftari likae jikoni: saa, mililita, choo, usingizi, chakula. Mkianza vitatu siku moja na mtoto akatapika, hamtajua kipi cha kuacha.