Resident Evil 2: Mchezo Ulioundwa Upya Unaorudisha Hofu, Si Picha Tu

Michezo ya video inayoundwa upya imekuwa mingi kiasi kwamba mtu aliyekua akicheza katika miaka ya tisini anaweza leo kuurudia ujana wake karibu wote bila kugusa mashine hata moja ya zamani. Mingi kati ya michezo hiyo hununuliwa kwa hamu na kusahaulika upesi, kwa sababu mnunuzi alikuwa akitafuta hisia, naye akauziwa picha. Resident Evil 2 ya kampuni ya Capcom, iliyotoka Januari 25, 2019, ni miongoni mwa michache iliyorudisha hisia yenyewe, na kwa maoni yangu imefanya hivyo kwa sababu waundaji wake walikuwa na ujasiri wa kuvunja karibu kila kitu ambacho mashabiki walidhani wanakipenda.

Mchezo wa awali ulitoka Januari 1998 kwa ajili ya PlayStation, ukiongozwa na Hideki Kamiya, na Shinji Mikami akiwa mtayarishaji. Leon Kennedy, polisi aliyekuwa anaripoti kazini kwa siku yake ya kwanza, na Claire Redfield, mwanafunzi anayemtafuta kaka yake, wanafika katika mji wa kubuni wa Raccoon City na kukuta virusi vimewageuza wakazi kuwa maiti zinazotembea. Wote wawili wanakimbilia kituo cha polisi, jengo ambalo hapo awali lilikuwa jumba la makumbusho ya sanaa, na ndiyo maana ofisi zake zimejaa sanamu, medali na kufuli za ajabu ambazo polisi wa kawaida asingezihitaji. Hadithi haina mengi zaidi ya hayo, wala haikuhitaji mengi.

Kilichowafanya watu wa wakati ule wacheze taa zikiwa zimewashwa ni namna mchezo ulivyomnyima mchezaji uhuru. Kila chumba kilikuwa picha iliyochorwa tayari, ikitazamwa na kamera iliyofungwa mahali pamoja, na mara nyingi kamera hiyo ilitegwa makusudi pale ambapo kona ya mbele haionekani. Mchezaji alisikia mkoromo wa maiti kabla hajaiona, akajua iko hatua chache tu mbele yake, lakini hakuwa na njia ya kuichungulia. Ilimbidi asimame ndipo anyanyue bastola, na akiisha kuinyanyua hakuweza tena kupiga hatua. Alipofungua mlango, skrini iliingia giza na mlango ukaonekana peke yake ukifunguka polepole. Kazi halisi ya onyesho hilo ilikuwa kuficha ukweli kwamba diski bado ilikuwa inasoma chumba kinachofuata, lakini sekunde hizo chache za kungoja ziligeuka kuwa sehemu ya hofu yenyewe, kwa kuwa mtu alikuwa ameshaingia bila kujua ameingilia nini.

Haya yote yalitokana na udhaifu wa mashine, na hapo ndipo penye mtego kwa kila anayetaka kuunda upya mchezo wa namna hii. Mashine za kisasa hazina udhaifu huo. Kamera inaweza kuzunguka pande zote, vyumba hufunguka papo hapo, na mhusika anaweza kutembea huku akilenga. Ukiyaacha mambo hayo yajiendee tu, unapata mchezo mzuri wa kutazama usiomtisha mtu yeyote. Wakurugenzi Kazunori Kadoi na Yasuhiro Anpo walichagua kamera inayokaa nyuma ya bega la mhusika, aina ambayo mashabiki wa mfululizo huu waliizoea tangu Resident Evil 4 ya 2005, kwa hiyo walilazimika kutafuta chanzo kingine cha hofu ile ile.

Walianza na giza. Korido nyingi za kituo hazina taa kabisa, na duara jembamba la tochi linafanya sasa ile kazi iliyofanywa zamani na kamera iliyofungwa: linaonyesha kitu kimoja na kuficha kumi. Kisha wakaibadili bastola kwa namna ambayo naiona kuwa uamuzi bora kuliko yote katika mchezo huu. Mchezaji anaruhusiwa kutembea huku akilenga, lakini alama ya kulengea inatawanyika, na haikusanyiki mpaka asimame tuli. Maiti nayo haisimami. Kwa hiyo kila mara mtu anaamua upya kama apige sasa risasi isiyo na uhakika au angoje nukta moja zaidi, huku ile sura iliyochanika ikizidi kujaa kwenye skrini. Mchezo wa 1998 ulimlazimisha mchezaji kusimama. Huu unamwachia hiari, kisha unamfanya asimame mwenyewe, na hofu ya kujichagulia inauma zaidi ya ile ya kulazimishwa.

Risasi zenyewe hazina hesabu ya kuaminika. Maiti moja huanguka kwa risasi mbili za kichwa, nyingine hupokea tano, ikalala, na kuinuka mchezaji anapopita kando yake akidhani mambo yameisha. Madirisha ya kituo yanaweza kuzibwa kwa mbao ili wafu wa nje wasiingie, lakini mbao ni chache kuliko madirisha, na ukikosea kuchagua, korido uliyoizoea kuwa salama inajaa wageni utakaporudi. Ramani, kwa upande mwingine, ni msaada wa kweli: chumba ambacho bado kina kitu cha kuokota huwa chekundu, na ukikimaliza kinageuka buluu. Wapo wakongwe wanaoliona hili kuwa ni kudekezwa. Mimi naona limeondoa uchovu tu, na uchovu haukuwahi kuwa sehemu ya hofu.

Halafu yupo yule jitu mwenye koti refu na kofia, ambaye wachezaji wote wanamwita Mr. X. Katika mchezo wa awali alitokea hasa katika mzunguko wa pili wa hadithi, yaani pale unapoucheza tena ukiwa na mhusika wa pili, tena katika sehemu zilizopangwa, kiasi kwamba aliyeucheza mara moja alijua pa kumtarajia. Katika toleo jipya, akishaingia kituoni anazurura kwa miguu yake, anavutwa na milio ya risasi, na hauawi. Risasi za kutosha za kichwa humpigisha goti kwa muda tu. Nilikuwa maktabani nikisukuma rafu za vitabu ili nipate njia niliposikia vishindo vyake ghorofa ya chini, vizito na visivyo na haraka, kisha vikawa kwenye ngazi, kisha nyuma ya ukuta ule ule niliokuwa nimeugeukia. Mlango ukafunguka, naye akainamisha kichwa ili kofia yake isigonge kizingiti. Kitendo hicho kidogo, cha mtu mrefu anayepita kwenye mlango mfupi, kilinisisimua mwili kuliko damu yote iliyomwagwa katika mchezo mzima. Mchezo unatoa sauti maalumu kwa wanaovaa vipokea sauti vya masikioni, na kuucheza bila kuvivaa ni kujinyima nusu yake.

Kwa mchezaji mkongwe kuna jambo moja zaidi. Anaingia akiamini anaijua njia, na ukumbi mkuu wenye sanamu yake unatambulika mara moja, lakini korido zinazotoka hapo zimepangwa upya, funguo zimehamishwa, na matukio anayoyangojea hayaji pale alipoyazoea. Kumbukumbu yake inamtosha kumfanya ajiamini, haimtoshi kumwokoa. Sijaona mchezo mwingine uliotumia hamu ya mambo ya zamani kwa ustadi wa namna hii, yaani kuifanya iwe silaha dhidi ya yule anayeileta.

Ni vyema pia kusema wazi kuwa tunachokikumbuka hakikuwahi kuwapo. Nikiufungua mchezo wa 1998 kwenye skrini ya kisasa, nakuta nyuso zilizoundwa kwa pembe chache, macho yasiyosogea na midomo isiyofunguka. Runinga za zamani za kioo kinene zililainisha kingo hizo, akili ikamalizia yaliyobaki, na baada ya miaka ishirini mtu anaapa kwamba aliona jasho usoni mwa Leon. Toleo la 2019, kwa programu ile ile ya RE Engine iliyotumika kwanza katika Resident Evil 7 ya 2017, limechora jasho hilo. Baadaye Capcom iliongeza bila malipo maumbo ya wahusika kama walivyokuwa mwaka 1998, na yeyote anayedhani anaitamani sura ya zamani ayajaribu. Yanachekesha na kupendeza kwa muda mfupi, kisha mtu anayavua na kurudi kwenye sura mpya bila majuto.

Mchezo huu una dosari, na kubwa kuliko zote iko katika hadithi. Mwaka 1998 njia za Leon na Claire zilifungamana. Palikuwa na kabati lenye bunduki ya kufyatua mfululizo na mfuko wa kubebea vitu, na ukivichukua ukiwa na mhusika wa kwanza, wa pili angekuta kabati tupu. Wazo hilo lilimfanya mchezaji ahisi kwamba watu wawili wanaishi usiku mmoja ndani ya jengo moja. Katika toleo jipya mzunguko wa pili unaanza tofauti, lakini baada ya hapo unarudia mafumbo ya namna ile ile na mapambano yale yale dhidi ya adui mkuu, kana kwamba aliyetangulia hakuwahi kupita. Kwa mchezo uliofikiri kwa kina hivi kuhusu namna ya kulenga bastola, uzembe huo unasikitisha. Muziki wa zamani nao umewekwa kando na kuuzwa kama nyongeza, na naamini ulistahili kuwa ndani tangu mwanzo, kwani hakuna kinachoamsha kumbukumbu upesi kama sauti. Buibui wakubwa wa kwenye mitaro wameondolewa. Sikuwakosa hata kidogo.

Ukilinganisha na kazi nyingine za aina hii, tofauti za njia zinaonekana wazi. Studio ya Bluepoint iliunda upya Shadow of the Colossus mwaka 2018 kwa kuuhifadhi mchezo wa 2005 karibu jiwe kwa jiwe, na ilifaulu kwa sababu mchezo huo haukutegemea sana udhaifu wa mashine yake. Final Fantasy VII Remake ya 2020 ilichukua mji mmoja, Midgar, ambao zamani ulikuwa mwanzo tu wa safari, na kuugeuza kuwa mchezo mzima. Capcom yenyewe ilitoa Resident Evil 3 mwaka huo huo wa 2020, nayo ikalalamikiwa kwa ufupi wake na kwa maeneo yaliyokatwa, likiwemo lile la mnara wa saa. Mfano mbaya zaidi ni mkusanyo wa michezo mitatu ya Grand Theft Auto uliotoka Novemba 2021, ambapo matoleo ya zamani yaliondolewa sokoni kwanza, kisha mapya yakafika na mvua iliyoziba macho na nyuso zilizoharibika, mpaka Rockstar, kampuni inayomiliki michezo hiyo, ikaomba radhi hadharani na kurudisha yale ya zamani kwa watumiaji wa kompyuta.

Jambo hilo la kuondoa cha zamani ili kiuzike kipya ndilo linalonitia wasiwasi katika biashara hii nzima. Utafiti wa Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo ya video iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikiuzwa tena. Kwa muda mrefu Resident Evil 2 ya 1998 ilikuwa ngumu kuipata kihalali kwenye mashine za kisasa, mpaka ilipoingia katika duka la mtandaoni la GOG mwaka 2024, ambako sasa inachezeka vizuri kwenye kompyuta za leo. Toleo jipya linastahili sifa zote nilizolimwagia, lakini haliwezi kusimama badala ya lile la kwanza, kwa kuwa hofu zao zimejengwa kwa vifaa tofauti.

Wasioujua mchezo wa awali wasisite. Toleo la 2019 limeuza zaidi ya nakala milioni 10, wakati la 1998 liliuza karibu milioni 5 kwenye PlayStation, na hesabu hizo zinadokeza kwamba wanunuzi wengi hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya kurudishiwa. Kwao, kiwango cha kawaida cha ugumu kinatosha. Wakongwe nawashauri waanze moja kwa moja na kile kigumu kabisa, ambacho hakihifadhi maendeleo chenyewe na kinadai utepe wa wino kila unapotaka kuyahifadhi kwenye taipureta, kama ilivyokuwa zamani. Na wakimaliza njia ya Leon, wapumzike wiki chache kabla ya kuanza ya Claire, ili marudio niliyoyalalamikia yasiwachoshe.