Chakula cha asili cha mbwa kinacholetwa hadi getini: uzoefu wangu

Nimekuwa mteja wa hawa jamaa tangu kabla ya masika, kwa hiyo naweza kuwazungumzia bila mhemko. Wanasaga nyama, wanaifunga kwenye pakiti za kilo moja, wanaigandisha, kisha bodaboda anakuletea. Mimi niko Tabata. Jina lao sitalitaja, maana mengine nitakayosema hayawapambi.

Mlaji ni Simba, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, kilo thelathini hivi. Zamani alikula wanachokula mbwa wengi wa ulinzi mjini hapa: ugali wa pumba na dagaa, na mifupa ya buchani ikipatikana. Alikuwa anaishi, lakini manyoya makavu, kujikuna hakuishi hata akiogeshwa dawa ya kupe, na kinyesi kilikuwa kingi hadi kijana anayefagia uwanja akawa ananung'unika. Pumba zenyewe nilikuwa nazitilia shaka muda mrefu. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hushika sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huharibika upesi kwa sumu hiyo. Yanayokataliwa mezani kwa binadamu mara nyingi ndiyo huishia kwenye sufuria ya mbwa.

Sasa pakiti. Ukiiyeyusha kwenye beseni unaona kilichomo: moyo, firigisi, mapafu, ini kidogo, karoti, mchicha, na vichwa na miguu ya kuku iliyosagwa na mifupa yake. Ukisugua kwa vidole unasikia chenga za mfupa, laini kama mchanga. Kwangu mimi hizo chenga ndizo zinazolipiwa. Watu wakisikia chakula cha asili wanakimbilia nyama tupu, wanaona wamemtendea mbwa haki. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu mno, na mwili wa mbwa ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mtoto wa mbwa ndiye huumia zaidi, anakua miguu imepinda. Asiye na mashine ya kusagia anaweza kutumia maganda ya mayai yaliyokaushwa na kutwangwa. Kijiko cha chai cha unga wake kina takribani gramu mbili za kalsiamu. Ila mfupa mzima uliopikwa usimpe kabisa, huo hupasuka vipande vyenye ncha.

Matokeo nimeyaona. Manyoya yameanza kung'aa, kinyesi kimepungua na kimekuwa kigumu. Lakini dokta wa mifugo alimpa dawa ya minyoo kipindi hicho hicho, kwa hiyo sifa yote siwapi wauzaji, ingawa wao wameshaitangaza picha ya Simba kana kwamba ni kazi ya mikono yao.

Ninapoachana nao ni kwenye mahubiri. Kwao asili maana yake mbichi, na mbwa ni mbwa mwitu, asiguse wanga. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa mbwa wa nyumbani wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Ameishi na wakulima maelfu ya miaka, jamani. Wali, boga na viazi vitamu havimdhuru. Vitunguu ndivyo vinavyomdhuru, ndiyo maana mabaki ya mchuzi wetu hayamfai.

Na huo ubichi katika joto la Dar! Mzigo mmoja ulifika saa nane mchana, pakiti zimelegea, maji ya damu yanachuruzika kwenye boksi la pikipiki. Nikawaandikia. Jibu: "Boss, huyo ni mnyama, tumbo lake limezoea." Nikawaambia tumbo lake sawa, lakini wanangu wanamkumbatia na bakuli lake linaoshwa kwenye sinki la jikoni. Bakteria wa salmonella hawaui mbwa kirahisi, ila huyo mbwa anawasambaza. Siku iliyofuata walibadilisha mzigo bila kulipisha, hilo nawapa.

Kilichonikera zaidi ni mapafu. Niliuliza kama viungo hivyo vimepita kwa mkaguzi wa nyama machinjioni, nikajibiwa "usijali". Mimi nikajali. Mapafu na ini vya ng'ombe, mbuzi na kondoo vinaweza kuwa na vifuko vya maji ambavyo ndani yake kuna vichanga vya tegu. Mbwa akivila vibichi anafuga minyoo hiyo tumboni, mayai yanatoka na kinyesi, na binadamu akiyameza huota vifuko vivyo hivyo kwenye ini au mapafu yake. Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki ugonjwa huu si hadithi. Ukichemsha, hatari hiyo inakwisha.

Kwa hiyo naendelea kununua, ila napika. Nyama yao naichemsha hadi ndani, natia boga na wali, sitii chumvi. Mifupa ikiwa imesagwa laini hivyo haina ncha. Hii inapunguza gharama pia, maana pakiti ni shilingi 7,000, na mbwa mkubwa hula kama asilimia mbili hadi tatu ya uzito wake kwa siku. Kwa Simba, nyama peke yake, pakiti haifikishi siku mbili. Nikichanganya naifikisha.

Ukiagiza, waambie wasikuwekee mapafu. Wanakubali ukisema mapema. Agiza mzigo wa asubuhi, kabla ya foleni. Na kama friji yako ni ndogo au luku huisha mara kwa mara, chukua pakiti chache chache, hata kama bei ya jumla inavutia.