Mausritter: Mchezo Unaokufanya Uuhisi Udogo wa Panya

Kwa miaka kadhaa nimependa kucheza wahusika wadogo katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, na kwa miaka hiyohiyo nimesikitika kuona udogo wao ukiishia kwenye karatasi. Katika kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, kwa mfano, mhusika wa jamii ya watu wafupi wenye kimo cha futi 3 hivi hutembea futi 25 kwa zamu badala ya 30, na hupata taabu akishika silaha nzito; baada ya hapo husimama bega kwa bega na wenzake mbele ya jitu na kulikata kwa upanga kana kwamba wamelingana. Mausritter, mchezo wa Isaac Williams ambao wahusika wake ni panya, ndio wa kwanza kunifanya niuhisi udogo mkononi.

Kinachofanya kazi hiyo ni mzigo. Kila panya ana nafasi 10 tu za kubebea vitu: mbili ni za mikono yake ya mbele, mbili za mwilini na sita za mkobani. Vitu vyenyewe ni vijikadi vinavyopangwa juu ya karatasi ya mhusika, na kitu kikubwa hula nafasi mbili. Tena njaa, woga, uchovu na jeraha navyo ni kadi, navyo hudai nafasi palepale kwenye kamba na chakula.

Nilipoucheza na wapwa zangu, mdogo wao alikuwa amekwisha kuzijaza nafasi zote kumi pale panya wake alipokosa chakula, nikamkabidhi kadi ya njaa. Aliishika muda mrefu. Akatazama kamba, akatazama mwenge, akatazama kifungo cha shaba alichokihangaikia tangu tulipoanza kucheza, kisha akaniuliza, "Mjomba, nikiuacha mwenge tutarudije?" Swali hilo sikuwahi kuulizwa katika mchezo mwingine wowote, kwa sababu kwingine mwenge ni neno lililoandikwa pembeni na hakuna anayelihesabu. Hapa mwenge una nukta tatu, kila baada ya zamu sita nukta moja huwekwa alama, na zikiisha giza linaingia. Mwishowe alikisukuma kifungo kando taratibu, bila kukitazama.

Kuunda mhusika huchukua dakika chache. Kwa kila sifa, yaani nguvu, wepesi na utashi, mchezaji hurusha dadu tatu za pande sita na kujumlisha mbili zenye namba kubwa. Kisha hurusha dadu moja kupata uhai na nyingine kupata mbegu, ambazo ndizo fedha za panya, na namba hizo mbili kwa pamoja humwonyesha panya huyo alikuwa nani kabla ya safari. Utaratibu huu nimeupenda sana, kwani aliyepata moja na moja, ambaye ndiye dhaifu na maskini kuliko wote, huanza na uganga na deraya nzito. Mnyonge hakuachwa mikono mitupu.

Wanyama wengine nao wamepangwa kwa akili. Paka ni mabwana wanaotaka kutumikiwa, na hupimwa kwa kipimo cha kikosi kizima cha panya, hivyo panya mmoja na sindano yake hana tumaini la kumwangusha. Lile swali la zamani la nani atamfunga paka kengele linakuwa kazi halisi ya kupanga mezani. Bundi naye ni mchawi, jambo ambalo wachezaji wangu hawakuhitaji kuelezwa hata kidogo. Nilipotaja tu kwamba kuna bundi juu ya paa, wote walinyamaza.

Mapigano ni ya haraka na makali. Hakuna kurusha dadu ili kujua kama pigo limefika, kwa kuwa kila pigo hufika, na dadu husema tu limeumiza kiasi gani. Anayependa vita virefu vya kupanga hatua kwa hatua atauona mchezo huu mwembamba, na sidhani kama atakosea. Ni mchezo wa kujificha, kujadiliana na kukimbia, na wale waliolelewa kwa hadithi za sungura watauzoea mapema.

Jambo ninalolisikitikia ni lugha. Nakala niliyotumia ni ya Kiingereza, na ingawa kitabu hakifiki kurasa 50 na maelezo yake yameandikwa kwa sentensi fupi zilizo wazi, ilinibidi niandike upya majina ya kadi zote kwa Kiswahili kabla ya watoto kuzitumia. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili.

Nakala ya kielektroniki hutolewa kwa bei anayoichagua msomaji mwenyewe, na pia lipo kasha lenye kitabu, kadi na hadithi ya kuanzia. Mimi nilichapisha ile ya kielektroniki kwenye steshenari ya mtaani. Kadi zichapishwe kwenye karatasi ya manila, kwa sababu karatasi ya kawaida hupeperushwa na feni, na kadi za njaa na uchovu ziongezwe nakala. Sisi tulikuwa wanne, na zilituishia kabla safari ya kwanza haijafika nusu.