Picha ya kihenge na mzee wa Morogoro Stores aliyeanza na mgongo wa picha

Wadau mlio na picha za zamani ukutani, kabla hamjabadilisha fremu pitieni kwanza kwa wachoraji wa Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Mama kaachiwa picha na marehemu kaka yake, kihenge cha mahindi cha kijijini, kuku wanadonoa chini na mama mmoja kabeba ungo, imechorwa kwenye hadibodi. Fundi fremu mmoja wa mjini alitaka kubandika karatasi mpya nyuma eti ipendeze, nikamkatalia nikaondoka nayo, nikaipeleka kwa mzee mmoja mchoraji pale Morogoro Stores.

Yule mzee mchoraji kitu cha kwanza akaigeuza. Nyuma kuna bei kwa penseli, kipande cha stika ya duka kimechanika nusu, na jina la bosi wa zamani wa mjomba, yule aliyehama nchi akagawa vitu vyake. Yani njia yote ya picha kutoka dukani mpaka kwetu iko pale, ukiibandikia karatasi umebaki na pambo tu!

Sasa nyumbani sote tulikuwa tunaamini ni mkono wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe. Mzee akasema hapana, na hakukurupuka, alitueleza taratibu kwamba Edward alianza kuchora 1968 na 1972 akafa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, miaka minne tu hiyo, na picha zake nyingi ni mnyama mmoja kwenye rangi tupu nyuma yake, haya mambo ya kijiji kizima na watu wamejaa yalishamiri kwa waliokuja baada yake. Rangi ya baiskeli aliyotumia Edward haithibitishi kitu maana hata hao waliomfuata wanaitumia mpaka leo, na jina Tingatinga siku hizi ni la mtindo. Mama aliumia kidogo ila mi nimemheshimu sana yule mzee, angeweza kabisa kutudanganya akatuuzia ndoto.

Akasafisha vumbi kwa kitambaa kikavu, akaweka fremu iliyo wazi nyuma ili maandishi yasomeke, na akatushauri tuandike anachokumbuka mama kuhusu yule bosi tuweke kwenye bahasha pamoja na picha. Bei ya kawaida kabisa. Nendeni asubuhi, mchana watalii wanajaa na mzee hapati nafasi ya kukaa na mtu.