Mkanda wa AC unaogoma kuingia kwenye gari la zamani: upi ununue, na uuvishe vipi bila bisibisi

Karibuni watazamaji. Hapa mezani kuna mikanda minne ya AC, yote ya magari ya zamani, yale ambayo kompresa ya AC, yaani pampu ya gesi ya ubaridi, ina mkanda wake peke yake. Leo tunachambua upi unafaa kufungwa, halafu tunaingia kwenye lile swali linaloulizwa sana: mkanda ni mpya, namba ni sahihi, mbona haufiki kwenye puli, yaani lile gurudumu lenye mfereji linalobeba mkanda? Mara nyingi mkanda hauna kosa lolote, ila gari halijaachia nafasi yote iliyonayo.

Tuanze na hii miwili yenye umbo la V. Huu wa kwanza umevikwa kitambaa pande zote. Huu wa pili pembeni ni mpira mtupu uliokatwa, na tumboni una meno. Ukiniuliza mimi, chukua wa meno bila kufikiria mara mbili. Unajipinda kirahisi kwenye puli ndogo ya tenshena, yaani kifaa cha kukazia mkanda, haupati joto sana, na mbavu zake za mpira mtupu zinashika puli vizuri. Wa kitambaa, kitambaa kikianza kulika, unateleza na kupiga kelele kila AC inapowashwa.

Huu wa tatu ni bapa, una mistari minne kwa urefu wake. Mgongoni umeandikwa 4PK875, maana yake mistari 4 na urefu wa milimita 875. Hapa cha kuuliza dukani ni mpira wenyewe: ni neoprini au ni EPDM, zote mbili mpira wa kiwandani? Neoprini ikizeeka inapasuka nyufa, unaziona kwa macho. EPDM haipasuki hivyo, inalika taratibu kama tairi, kwa hiyo mkanda unaweza kuonekana mzima kabisa na bado ukawa umekwisha. Sogeza kamera hapa. Unaona mkanda huu wa zamani, bonde kati ya mstari na mstari limekuwa pana, na ncha za mistari zinagusa chini ya mfereji wa puli? Mkanda wa namna hii utateleza hata ukiukaza vipi. Pamoja na hayo napendekeza EPDM, kwa sababu inavumilia joto la injini muda mrefu zaidi.

Wa nne ni mkanda wa kunyumbuka. Huo nitaurudia mwishoni kwa sababu una sheria zake.

Kuhusu majina ya makampuni: Gates, Bando, Mitsuboshi, Dayco na Continental wote wanatengeneza mikanda mizuri. Cha kuangalia zaidi ni aina na namba.

Na namba usiipate kwa kupima mkanda wa zamani. Ule umeshanyumbuka na kulika, ukinunua urefu uleule unaweza kukosa nafasi ya kukazia baadaye. Soma maandishi ya mgongoni, au kitabu cha vipuri vya gari. Kwa mkanda wa V, AVX13x900 ni upana wa milimita 13 juu na urefu wa 900 kwa nje. Kama maandishi yamefutika, rudisha tenshena karibu na mwanzo wa safari yake, zungusha utepe usionyumbuka, mpana kuliko mfereji, juu ya puli zote kwa njia ileile ya mkanda, weka alama, kisha pima. Usitumie uzi mwembamba, utazama ndani ya mfereji na kukupa namba fupi.

Upana nao ni mtego. Mkanda wa 13 ukiwekwa kwenye puli ya 10 hauzami, unakaa juu ya mfereji, na kukaa juu kunakula urefu. Fundi atasema mkanda ni mfupi, kumbe ni mnene. Mgongo wa mkanda wa V unatakiwa ulingane na ukingo wa puli au uzidi kidogo sana, na tumbo lake lisiguse chini ya mfereji, maana unashika kwa mbavu.

Sasa kazi. Injini iwe imezimwa na kupoa, na toa waya wa hasi wa betri, kwani feni ya umeme ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe. Angalia kama kuna mkanda wa alternata au wa stelingi uliokaa mbele ya huu wa AC. Kama upo, unatoka kwanza. Piga picha ya njia ya kila mkanda. Kwenye magari mengi utahitaji kutoa kava la plastiki nyuma ya tairi ya mbele, kwa hiyo jeki pamoja na stendi zake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tenshena ya aina hii ina vitu viwili: nati ya katikati ya puli, mara nyingi ya spana 14, na bolti ndefu ya kurekebisha, mara nyingi ya 12. Nati ya katikati inalegezwa kwanza, ndipo uzungushe bolti. Hapa ndipo watu wanapovunja vitu. Ukizungusha bolti huku nati imebana, tenshena haisogei, bolti inakatika, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya kutwa. Kama kuna kutu, piga mswaki wa waya kwenye nyuzi za bolti, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha zungusha mbele kidogo na nyuma kidogo.

Rudisha bolti hadi mwisho kabisa. Halafu, na hili ndilo linalosahaulika, isukume tenshena kwa mkono. Bolti inaweza kuwa imerudi yote lakini puli imeganda kwenye reli yake kwa kutu na tope. Mkanda unapita pande mbili za ile puli, hivyo sentimita moja ya tenshena inaweza kukupa karibu sentimita mbili za mkanda. Hapo ndipo mkanda "mfupi" unapopata urefu wake.

Kabla ya kuvisha, zungusha kila puli kwa mkono. Ya kompresa inatakiwa kuzunguka huru na kimya. Ukisikia mkwaruzo au ikayumba, hilo ni beringi, na kukifunga kitu kipya juu yake ni kupoteza mkanda. Safisha mifereji kwa brashi na dawa ya kusafishia breki, kisha iache ikauke.

Vishia puli zenye mifereji kwanza, ile iliyo rahisi kufikiwa iwe ya mwisho. Kama mkanda bado unagoma, simama. Usiupandishe kwa bisibisi. Usiushike kwenye ukingo wa puli huku ukizungusha krenki, yaani shafti kuu ya injini. Ndani ya mkanda kuna nyuzi za polista au aramidi, ndizo zinazobeba mvuto wote. Ukizilazimisha kupita kwenye ukingo, zile za pembeni zinakatika bila kuonyesha alama nje. Mkanda utaingia, utafurahi, na baada ya muda mfupi utajigeuza ndani ya mfereji au kuchanika upande mmoja. Bisibisi nayo inaacha kovu kwenye mfereji wa puli, na kovu hilo litakula kila mkanda utakaofuata. Rudi ukague: tenshena imefika mwisho? Mkanda umezama kwenye kila mfereji? Njia inalingana na picha? Yote yakiwa sawa na bado haufiki, hapo ndipo namba imekosewa. Rudisha dukani.

Kukaza. Kwa magari mengi ya aina hii, chukua nafasi ndefu zaidi kati ya puli mbili, weka rula juu yake, vuta mkanda kwa mizani ya ndoano hadi kilo 10, pima umeshuka milimita ngapi. Mkanda uliokwisha kutumika mara nyingi huwa kati ya 8 na 12, mpya huwa pungufu ya hapo, na namba kamili iko kwenye kitabu cha gari lako. Mkanda ukishafanya kazi dakika 5 kwenye injini unahesabika kuwa umetumika, kwa hiyo baada ya hapo unapimwa kwa kipimo cha mkanda wa zamani.

Kubana kupita kiasi kuna gharama. Puli ya kompresa inazunguka muda wote injini inapowaka, hata AC ikiwa imezimwa, kwa sababu klachi ya sumaku ndiyo inayoiunganisha na shafti. Kwa hiyo beringi yake haipumziki. Mvuto ukizidi, beringi inapata joto, inapoteza grisi, na joto hilo linaweza kuunguza koili ya klachi, yaani waya wa sumaku, iliyo nyuma yake.

Kaza bolti, kisha nati ya katikati, kisha pima upya, maana nati ikibana huwa inasogeza puli kidogo. Zungusha krenki mizunguko miwili kwa spana, uelekeo wa injini, na uangalie mkanda ulivyokaa. Rudisha waya wa betri, washa injini na AC kwa dakika 5 hadi 10, zima, acha ipoe, pima tena.

Ule wa kunyumbuka sasa. Huu unafungwa kwenye puli zisizo na tenshena, na kubana wakati wa kuvisha ndiyo asili yake. Wa zamani unakatwa, haurudishwi ukishatolewa. Mpya unavishwa kwa kifaa chake maalumu kinachoshika puli huku krenki ikizungushwa taratibu kwa mkono. Usiweke mkanda wa kawaida mahali pake, na usiweke huu kwenye gari lenye tenshena.

Ikipiga kelele baada ya kazi, nyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mistari, injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mikono na nguo mbali. Mlio ukizidi, mkanda unateleza, rudi kwenye kukaza. Ukipungua kisha ukarudi, puli hazijanyooka, weka rula ndefu kwenye nyuso zake uone ipi imetoka nje. Dawa ya kupaka mkanda, sabuni na grisi viache kabisa, vinaficha mlio huku mpira ukiendelea kuharibika.