Majitu 16 na kidole kimoja: Shadow of the Colossus

Kibanda tulichokuwa tukichezea gemu pale Wete, Pemba, kilikuwa na mashine mbili za PS2 (PlayStation 2), televisheni mbili za kichogo, na benchi la watu wanne ambalo kila jioni lilikaliwa na saba. Sidi zote zilikuwa za mpira. Shadow of the Colossus ilifika kwa makosa, imo ndani ya gamba la gemu ya mpira, na mwenye kibanda alitaka kuirejesha alikoinunua. Nikamwambia, kaka, niwekee mimi, nalipa saa nzima.

Kwanza nilidhani sidi mbovu. Kijana juu ya farasi anavuka daraja lisilokwisha, kambeba msichana aliyekufa. Anamlaza kwenye jiwe ndani ya hekalu, na sauti kutoka juu inamwambia kuna majitu 16 katika nchi hii. Yaue yote, huenda huyu akarudi. Basi, ushaachiwa. Hakuna mji, hakuna duka la kununulia silaha, hakuna vijiadui vya kukupa mazoezi njiani. Unainua upanga juani, miale inajikusanya upande liliko jitu, unakwenda. Ukiwa kivulini upanga hauoneshi kitu. Utoke ukatafute jua. Benchi zima likanicheka: "Huyu kalipa pesa kuchunga farasi!"

Halafu likatokea jitu la kwanza, miguu kama minara, na benchi likanyamaza.

Mimi nimekulia kwenye mikarafuu, kwa hivyo niliielewa gemu hii kwa mkono kabla ya kuielewa kwa kichwa. Jitu lina manyoya, na wewe unayadaka kwa kubana kitufe cha R1. Kidole kikiwa pale, umeshika, ukikiondoa, umeachia. Pembeni kuna duara linalopungua kadiri mkono unavyochoka, na jitu likijitikisa huna la kufanya ila kung'ang'ania. Duara likiisha unadondoka kama konyo la karafuu. Dawa yake ni ile ile ya mkarafuuni: tafuta panda ya matawi, keti, vuta pumzi, ndipo uendee vishada vya juu. Huku panda ni bega la jitu, au kibaraza cha jiwe kilichojengwa mgongoni mwake. Nilikuwa nikitoka kibandani kidole cha shahada kimekaza kama nimeshinda juu ya mti, na pishi hata moja ya karafuu sijapata.

Kushika huku na duara lake ndiko kulikobaki duniani. Gemu ilitoka mwaka 2005, kazi ya Fumito Ueda na wenzake wa Team Ico kule Japani. Ueda alisomea sanaa, na sifa yake ni kupunguza: analoona halina kazi analitoa. Tazama waliokuja baada yake. Mwaka 2010 Castlevania: Lords of Shadow ikaleta majitu ya kupandwa. Mwaka 2012 Dragon's Dogma ikakuruhusu kudaka mnyama mkubwa na kumpanda mgongoni. Mwaka 2017 Breath of the Wild ya Nintendo ikaweka duara la nguvu linalopungua unapokwea majabali. Sisemi wamenakili, lakini kila nikiliona duara lile linakwisha, kidole changu kinakumbuka Wete.

Nilifika jitu la tisa tu. Kibanda kizima kilitumia memori kadi moja ya megabaiti 8, na siku moja mtu akafuta gemu yangu ili apate pa kuwekea ligi yake. Namjua. Bado tunasalimiana.

Kwa hivyo kuimaliza nimeimalizia ukubwani, kwenye toleo la PS4 lililotengenezwa upya na studio ya Bluepoint mwaka 2018. Nililinunua Unguja, mkono wa pili, kwa shilingi 35,000, na hazijaniuma. Picha ni nzuri mno, na ule mkwamo wa PS2, ambapo jitu likisogea picha inakuwa nzito kama mtu anatembea kwenye matope ya mikoko, haupo tena. Vitufe wamevibadilisha, lakini mpangilio wa zamani upo ukiutafuta. Kamera bado ni ya kugombana nayo. Farasi, Agro, pia hasikii vizuri, ila huyo namsamehe, maana farasi kweli haendi kwa usukani kama gari. Kuna daraja moja karibu na mwisho, sitasema zaidi.

Jitu la 13 ndilo lililonikalia moyoni. Linaruka juu ya jangwa, refu kama nyoka, na halikugusi. Halikushambulii hata mara moja. Wewe ndiye unayelipiga mishale kwenye vifuko vya tumboni mpaka linashuka, mapezi yanakwaruza mchanga, unakimbiza farasi ubavuni mwake, unaruka, unadaka. Juu kule upepo unavuma, muziki wa Kow Otani umepanda, na kwa dakika chache sijawahi kucheza kitu kizuri kama hicho. Kisha linaanguka, muziki unageuka kilio, na mishipi myeusi inatoka ndani yake inamwingia kijana mwilini. Hupewi pointi wala sarafu.

Mtoto wa dada yangu alikuwa kakaa ubavuni mwangu. "Mjomba, huyu kakosa nini?"

Nikakosa jibu. Sisi huku Pemba tuna mchezo wa ng'ombe: anafungwa kamba, anachokozwa kwa kitambaa, vijana wanaonesha ujasiri wao, wanawake wanaimba, na ukimalizika ng'ombe anarudi kwao akale majani. Mtoto kayaona hayo Kengeja kwa macho yake. Gemu hii inaanza kama mchezo wa ng'ombe na inamaliza kama machinjio, na nadhani Ueda alitaka hasa tulione hilo.

Sasa anaicheza yeye. Kaua matatu, kagoma la nne. Aliniuliza kama kuna njia ya kumaliza bila kuua, nikamwambia hakuna. Tangu hapo anaiwasha kila baada ya skuli, anapanda farasi, anawinda mijusi yenye mkia mweupe. Mkia mmoja unaongeza nguvu za mkono kidogo sana. Mkono wake sasa una nguvu kuliko wangu nilipomaliza.