Vyombo vya kupandia mboga nyumbani: kipi kitangulie

Kabla ya kuuliza bei, pima kina. Dania inatosheka na sentimita 15 za udongo, nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu) na dodo (mchicha) 20, sukuma wiki 25, nyanya 30.

1. Jerikani kuukuu ya lita 20

Hii ndiyo ya kwanza, na nyingine ziko mbali nyuma yake. Plastiki yake ni nene, jua haliivunji upesi. Ilaze kwa ubavu mpana, kata dirisha upande wa juu, ila bakiza ukingo wa sentimita 4 pande zote. Ukiukata wote, udongo ukilowa mbavu hutanuka hadi kupasuka. Toboa matundu 8 chini kwa msumari wa inchi 4 uliopashwa moto, kisha iweke juu ya matofali. Ikikaa kwenye saruji matundu huziba, mizizi inaoza, majani ya chini yanageuka manjano, na mwenyewe akidhani ni kiu anazidi kumwagilia.

Ukiwa Owino, soko kubwa la Kampala, au soko lolote, fungua kifuniko unuse kabla ya kulipa. Mafuta ya kupikia yanatoka kwa sabuni na maji moto. Ikinuka dawa ya wadudu, rangi au petroli, irudishe, hata ukipunguziwa bei.

2. Gunia la plastiki

Kwa sukuma wiki nyingi kwenye uwanja mdogo, hakuna kinachoshinda gunia. Simamisha kopo lisilo na kitako katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo, livute juu, rudia hadi ukingoni. Bila nguzo hiyo ya kokoto miche ya chini haipati maji. Toboa ubavuni kila sentimita 20, mahali pa kupandia miche. Chagua mahali kabla ya kujaza, maana likishajaa halihamishiki. Ghorofani usiliweke kabisa.

3. Ndoo ya lita 20

Ni ya nyanya, mche mmoja tu na mti wa kuegemea. Ikijaa udongo uliolowa inakaribia kilo 30. Udongo usitoke palipolimwa nyanya, nakati wala viazi mviringo: mnyauko wa bakteria hubaki humo.

4. Chungu cha udongo

Kinafaa nana na rosemari. Maji hupotea kupitia kuta zake, hivyo Januari na Februari kichungulie asubuhi na jioni.

5. Tairi

Zito, jeusi, linachemka juani. Linunue ukikosa vyote vya juu.

Tenga pesa ya udongo kabla ya kumaliza zote kwa vyombo. Changanya sehemu 2 za udongo mweusi, 1 ya samadi iliyooza na 1 ya mchanga wa ziwa. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Irundike, ilowanishe, uigeuze kwa miezi 2 kwanza. Juu tandaza makapi ya kahawa sentimita 3, bila kugusa shina.